Beji Iliyokwenda Kanisani

Kila nikifika Garsen kununua dawa ya mbuzi, vijana wa pale stendi hunizingira. "Kapteni, ushawahi kuanguka?" "Kapteni, kweli huko juu mnalala mnaiacha ndege ijiendeshe?" Mimi hucheka, huwajibu wanavyotaka, kisha nachukua dawa yangu narudi Tarasaa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilikuwa naogopa nini. Haya basi, leo nawaambia bila kuulizwa, nyinyi mnaotaka kurusha ndege, na nyinyi mnaotaka kuuza mbuzi pia, maana kosa nililofanya mimi linaweza kufanywa na mtu wa kazi yoyote.

Jina langu Kahindi. Nimerusha ndege miaka thelathini na ushei, mingi kati ya hiyo katika kampuni moja ya ng'ambo ambayo sitaitaja, iliyokuwa ikitoka Ulaya kwenda Amerika na Asia kwa kukata kaskazini ya dunia, kule kwenye barafu. Injini sikuiogopa. Injini ikiumwa, inasema. Mawingu ya radi sikuyaogopa, yanaonekana kwenye rada na unayazunguka. Nilichokiogopa hakina sauti wala harufu, na katika visaa vyote vile vilivyojaa mbele ya rubani, hakuna hata kimoja kilichokionyesha. Ni mionzi ya angani, inayotoka kwenye jua na mbali zaidi ya jua, na ubavu wa ndege hauizuii.

Mwezi uliopita hofu hiyo ilinifuata mpaka nyumbani. Binti yangu Kadzo, ambaye naye ni rubani, alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa nakamua mbuzi. Akaniambia ana mimba ya miezi miwili.

"Hongera mwanangu!" nikapiga kelele mpaka mbuzi akamwaga maziwa. Kisha nikauliza, "Kazini umewaambia?"

"Bado, baba. Nikisema leo, leo leo wananishusha. Nimebakiza safari chache tu nihamie kiti cha kushoto."

Kiti cha kushoto ndicho cha kapteni. Yeye alikuwa amekaa kile cha kulia miaka saba, akifanya kazi ileile na kuitwa msaidizi, kwa hiyo uchungu wake niliuelewa.

"Na safari inayofuata ni ya wapi?"

"Ijumaa. Kaskazini."

"Kadzo, hiyo si safari ya mtu mwenye mimba."

Akacheka kidogo. "Baba, na wewe je? Barua si iko hapo ukutani?"

Nikanyamaza. Akaita, "Baba? Baba, unanisikia?" Mtandao siku hiyo haukuwa na shida yoyote. Nilikuwa namsikia vizuri sana.

Niwaeleze kwanza hii mionzi, msije mkasema mzee anatisha watu. Sisi wa huku deltani tunajua chandarua. Hewa iliyo juu yetu ni chandarua kinene, na ukikaa Garsen unacho chote. Ukipanda na ndege kubwa, sehemu kubwa ya hewa unaiacha chini, umebaki na kipande chembamba. Tena dunia ina nguvu yake ya sumaku inayoikingia mionzi, nayo hufanya kazi nzuri zaidi huku kwetu katikati ya dunia kuliko kule kwenye ncha zake. Kwa hiyo anayeruka Nairobi kwenda Malindi hana la kuhangaikia. Anayekata kaskazini, juu sana, mwezi baada ya mwezi, huyo anahesabiwa kama mtu anayefanya kazi na mionzi, sawa na yule wa chumba cha picha za eksirei. Inadhuru kiasi gani? Wataalamu wenyewe hujibu kwa tahadhari. Wanachokubaliana ni kwamba mtoto aliye tumboni asiongezewe bila sababu, na kwamba mama aseme mapema.

Aliyenifundisha haya ni Kapteni Wekesa, Mkenya mwenzangu aliyenitangulia katika kampuni ile. Mtu mfupi, mkali, mwenye daftari la shule mfukoni. Marubani wote huandika saa walizoruka. Yeye aliandika pia alipita juu kiasi gani na kaskazini kiasi gani. Nikamwuliza ya nini yote hayo, akanijibu, "Siku daktari atakaponiuliza nilikuwa wapi, sitaki kumwambia nilikuwa kazini."

Siku moja tukiwa juu ya barafu, mimi kiti cha kulia, likaja onyo kwamba jua limechafuka. Jua huwa na siku zake, hurusha mionzi mingi kwa ghafla. Wekesa akaomba ruhusa ya kushuka futi elfu kadhaa. Ukishuka, hewa ni nzito na mafuta yanaliwa. Nikaanza kumpigia hesabu za mafuta. Akaniacha nimalize zote, akasema, "Mafuta yanatosha, umehesabu vizuri. Sasa shusha." Nikashusha. Tulifika tukiwa tumechelewa, na ofisini alifokewa, naye akaendelea kunywa chai yake.

Basi baada ya siku ile woga ukaniingia, na woga bila akili ni hatari. Nilinunua ile karatasi ya fedha ya kuokea nyama, nikaipachika ndani ya kofia yangu ya urubani, tabaka nne. Mwanzo nilijiona mjanja kweli. Kichwa kilinichemka mpaka jasho likawa linatiririka masikioni. Siku nyingine, nikiwaaga abiria mlangoni, nikavua kofia kumheshimu bibi mmoja mzee, na lile likaratasi lote likadondoka miguuni mwake. Bibi akaliokota akanirudishia, akaniuliza kama nimemaliza kula. Mhudumu wa ndege aliyekuwa amesimama kando yangu, jina lake Bahati, alikimbilia jikoni kwenda kucheka.

Huyu Bahati ni msichana wa Malindi, tuliyekuwa tukimwita dada mdogo maana sisi watu wa pwani tulikuwa wachache kule. Mkumbukeni, nitarudi kwake. Na hiyo karatasi msijisumbue nayo, haizuii kitu.

Sasa beji. Mwaka mmoja kampuni iliamua kutupima sisi wa njia ya kaskazini. Kila mtu akapewa beji nyeupe ya plastiki, ndogo kuliko kiberiti, ina pini nyuma. Haiwaki, hailii, inakusanya tu mionzi kimyakimya. Masharti yalikuwa mawili: uwe nayo kila unaporuka, na usiipitishe kwenye mashine ya kukagulia mizigo, maana mashine ile ina mionzi yake na itaiharibu hesabu. Baada ya miezi sita zingekusanywa zikasomwe.

Masikio yetu yakasikia jambo moja tu: atakayepatikana na namba kubwa ataondolewa kaskazini. Na kaskazini ndiko kulikokuwa na heshima. Ukiwa rubani wa kaskazini, hata askari wa geti anakuamkia kwa jina. Basi kila mtu akatafuta pa kuiacha beji yake. Kuna aliyeiacha kwenye droo ya soksi. Kuna aliyeiweka ndani ya viatu vya harusi. Mimi nilikuwa likizo Tarasaa, nikaiacha kwa mama.

Mama yangu naye aliitwa Kadzo, binti yangu alirithi jina lake, kama ilivyo desturi yetu Wagiriama. Mke wangu alitutoka mapema, kwa hiyo bibi na mjukuu waliishi pamoja hapahapa. Nilimwambia mama, "Niwekee hii, ni ya kazi." Mama akasikia ni ya kazi, basi akaiheshimu. Kuiweka sandukuni aliona ni kuidharau. Kila Jumapili akaipachika kwenye leso yake nzuri, kifuani, akaenda nayo kanisani, na akiulizwa alisema, "Ni beji ya mwanangu, yuko juu." Siku za kazi aliivaa shambani akipanda mpunga. Nilipoijia baada ya miezi sita ilikuwa na tope. Niliipangusa, nikaipeleka.

Majibu yalipokuja tuliitwa kwenye ukumbi. Daktari wa kampuni alisoma. Wengi tulikuwa chini, na wa chini kuliko wote nilikuwa mimi. Wa juu, peke yake, alikuwa Wekesa. Daktari akashangaa. Akasema, "Kapteni Wekesa na Kapteni Kahindi wameruka njia moja, mwinuko mmoja, miezi ileile. Kapteni Wekesa, nadhani beji yako ilipita kwenye mashine ya mizigo."

"Haikupita," Wekesa akasema.

"Labda ulisahau."

"Sikusahau."

Namba yake ikafutwa, ikaandikwa kuwa ni kasoro. Mimi nilikuwa nimekaa safu ya pili. Mdomo nilikuwa nao. Nilingoja mwingine aseme, na nadhani kila mwenye droo ya soksi alikuwa anangoja vilevile. Zoezi likafungwa, tukaambiwa kaskazini hakuna tatizo. Mimi nikapewa barua ya pongezi kwa kufuata masharti, yenye kusema kipimo changu ni cha chini kuliko vyote.

Nje, Wekesa alinishika mkono. "Ilikuwa wapi?"

"Kwa mama."

Alicheka kweli, akashika tumbo, mpaka nami nikaanza kucheka. Halafu akaacha ghafla. "Kahindi, wamenifuta mimi wakakuandika wewe. Sasa kila mtu atapimwa kwa namba ya mama yako." Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikwisha fariki, kwa moyo, si kwa mionzi, msije mkasema nimesema.

Barua nikaitia fremu, nikaitundika sebuleni Tarasaa. Mtaniuliza kwa nini, hali nilijua ni ya uongo. Nilifikiri nikiitazama miaka mingi itakuwa ya kweli. Binti yangu alijifunza kusoma Kiingereza kwa barua hiyo, akisimama juu ya kigoda, kidole kikifuata mistari.

Sasa nirudi kwa Bahati. Miezi michache baada ya ule mkutano alinijia hotelini tukingojea safari ya kurudi. Alikuwa na mimba changa, anaogopa. "Kapteni, nisikilize kama kaka. Niwaambie au nimalizie msimu? Wakinishusha sasa, nafasi yangu inachukuliwa." Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na barua.

Ningeweza kumwambia, dada, beji yangu ilikuwa inapanda mpunga. Maneno sita tu. Badala yake nikapiga kifua. "Mimi mwenyewe nimepimwa, huoni? Kaskazini hakuna kitu. Maliza msimu wako."

Akamaliza safari mbili. Baada ya ile ya pili mimba ikatoka. Daktari alimwambia hutokea, hutokea hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kupanda ndege, na hakuna awezaye kusema sababu. Ni kweli kabisa. Mimi nami nimeyarudia maneno hayo kila siku, yananituliza mpaka jioni tu. Bahati aliacha kazi, akarudi Malindi akafungua duka la vitambaa. Nikipita Malindi nilikuwa nazunguka mtaa wa nyuma.

Miaka mitatu iliyopita nilitolewa mtoto wa jicho. Daktari aliposikia nilikuwa rubani akasema mionzi nayo hudhuru macho, akaniuliza, "Ulipokea mionzi kiasi gani kazini?"

"Sijui."

"Hamkuwahi kupimwa?"

"Tulipimwa," nikasema. Akanitazama akingoja niendelee, kalamu mkononi.

Kwa hiyo ile Jumatatu Kadzo aliponitajia barua, mnaelewa sasa nilinyamazia nini. Jumanne nzima nilizunguka boma. Nilimpa mbuzi mmoja dawa mara mbili. Nilijiambia, mtumie ujumbe kwamba wataalamu wanasema hivi na vile, itatosha. Nikauandika, nikaufuta. Siku hizi beji hazitumiki sana, kompyuta hupiga hesabu kwa njia uliyopita na mwinuko uliokwenda, hakuna cha kuficha kwa mama. Lakini kompyuta haijui kama una mimba mpaka wewe useme.

Jumatano asubuhi niliishusha barua ukutani. Nikafungua sanduku la marehemu mama, nikaitoa ile leso ya Jumapili. Kifuani ina matundu mawili madogo, pini ilipokuwa ikiingia na kutoka. Nikapiga simu.

"Kadzo, unaikumbuka beji ya bibi yako?"

"Ile nyeupe ya kanisani? Ala, si mimi niliyekuwa nikimfungia! Siku moja niliidumbukiza kwenye karai la kufulia, akanifukuza na mwiko." Alikuwa akicheka. "Kwa nini?"

"Hiyo ndiyo iliyopimwa."

"Iliyopimwa nini?"

"Mionzi. Ilikuwa beji yangu. Nilimwachia bibi yako ili isomeke kidogo. Mimi nilikuwa kaskazini, yenyewe ilikuwa hapa na nyinyi."

Nikasikia mlango ukifungwa upande wake.

"Kwa hivyo ile barua ni ya bibi," akasema.

"Ni ya bibi yako."

"Baba! Mimi nimeruka na ile barua kichwani miaka yote! Nilipoambiwa kaskazini kuna hatari nilikuwa nawacheka wenzangu." Sauti ikampanda. "Nani mwingine aliiamini?"

Hapo ningeweza kukata simu. Nikamwambia habari ya Bahati, yote, na zile safari mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akakata simu yeye.

Jumatano ikaisha. Alhamisi nilikaa tangu asubuhi pale kwenye kona ya banda ambapo mtandao haukosi, simu gotini. Akilini nilimwona Kadzo akivaa sare kwa hasira. Nilimwona akienda ili kunikomoa tu. Jirani alipita akaniamkia mara mbili sikumsikia. Sijawahi kuogopa namna ile hata siku injini moja iliponizimikia hewani, maana siku ile usukani ulikuwa mkononi mwangu.

Saa tisa alasiri simu ikalia.

"Nimesema," akaanza, bila salamu.

"Wamesemaje?"

"Wamenitoa kwenye ratiba leo hii. Mkuu wetu amenipa mkono. Anasema saa zangu haziendi popote, nikirudi naendelea." Alikuwa akilia. "Nimelia mbele yake baba, aibu tupu. Nilikitaka kile kiti."

"Najua mwanangu."

"Na bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Mimi nimesema langu," akasema. "Umebaki wewe."

Vijana, nilikuwa nimepanga habari hii iishie hapo, na ushauri wangu niwape: andikeni mlikopita, msiache kipimo chenu kwa mama, mwenye mimba aseme mapema. Lakini maneno ya Kadzo hayakuniacha. Jumatatu iliyofuata nilikwenda Malindi, leso ndani ya mfuko wa karatasi, na safari hii sikuzunguka mtaa wa nyuma.

Bahati alikuwa anapima kitambaa cha mteja. Ana mvi sasa, miwani imening'inia kifuani. Aliponiona alitupa futi yake mezani. "Kapteni wa karatasi ya nyama! Karibu, karibu, kaa." Akanivutia kiti.

"Usinikaribishe kwanza," nikamwambia. Mteja alipoondoka, nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, nikaitandaza leso juu ya meza yake ya kukatia, nikamwonyesha matundu.

Hakunifokea. Alipitisha kidole kwenye tundu moja, kisha la pili, mtu wa vitambaa anavyopitisha.

"Miaka yote hii," akasema, "nilidhani ni lile begi."

"Begi gani?"

"La yule abiria mzee, ile safari ya mwisho. Hakuweza kulipandisha juu, nikalinyanyua peke yangu, zito kweli. Huwa namwota yule mzee."

Nilitamani kumwambia si begi. Nilitamani zaidi kumwambia si mionzi. "Sijui, Bahati," nikamwambia. "Kungekuwa na namba ya kweli pengine mtu angekushauri vingine. Lakini sijui, na hakuna atakayejua. Kosa langu ni kwamba nilikuambia najua."

Akaikunja leso taratibu, pembe kwa pembe, akanirudishia. Mteja mwingine alikuwa ameingia, akamwashiria angoje.

"Huyo binti yako, amesema kazini?"

"Amesema."

"Vizuri," akasema, akaokota futi yake. "Mpe salamu zangu. Na mwambie asinyanyue mabegi."

Nikamwambia nitamwambia.